Mishubiri Miwili ya Katubuka

Tuseme ukweli tu: siku ile mjinga alikuwa Telesphory, na hakuna wa kumsingizia. Miaka sita aliuza mboga soko la Ujiji, na soko likamfundisha kwa makofi kwamba mchicha wenye mizizi na udongo haununuliwi. Basi Melania, mtafiti wa mimea aliyepanga chumba nyumbani kwake Katubuka, alipomtuma mlimani kuleta mishubiri, mrefu na mfupi, Telesphory aliing'oa, akaiosha, akaikata mizizi yote kwa kisu. Ikang'aa kama ya sikukuu.

Melania akaduwaa. "Kaka Tele, mizizi iko wapi?"

"Nimekupunguzia taabu, daktari. Nimewatupia mbuzi."

"Mbuzi wamekula kazi yangu." Akamweleza taratibu: kwenye ncha ya mzizi ndipo seli hugawanyika, na humo kromosomu huonekana kwa hadubini, kama vijiti vya kuhesabika. Mimea ikifanana sura, hesabu hiyo husaidia kujua kama ni aina moja au mbili. "Baada ya siku tatu naenda Mwamgongo kwa boti kutafuta mingine. Nataka mtu wa kunichagulia mimea. Nilidhani ni wewe."

Balaa! Telesphory alishautangazia mtaa mzima kuwa kazi ni yake.

Mkewe Bibiana, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Mishubiri kama hiyo, yote miwili, niliipanda zamani nyuma ya nyumba, dada. Ila ujue ni vitu viwili tofauti."

"Ni kitu kimoja!" Telesphory akaruka. "Mmoja kashiba, mwenzake kalala njaa."

Asubuhi wakachimba. Safari hii Telesphory alitumia vidole, pole pole kama anayemtoa mtoto mwiba, akatia ncha moja moja kwenye chupa ya dawa. Kesho yake Melania akazitia rangi, akazigandamiza kati ya vioo viwili, akainamia hadubini. Alihesabu mara tatu.

"Mfupi una kumi na nne. Mrefu ishirini na nane. Siwezi kuiweka kundi moja." Akageuka. "Dada Bibiana, kesho utachagua mimea wewe. Kaka Tele atabeba."

Telesphory naye akachungulia. Vijiti vya zambarau vilikuwa vizuri, akavifurahia kuliko alivyotaka waone. Na kubeba si kubaya: boti ni ileile, na samaki wa Mwamgongo, migebuka, hawamwulizi mtu cheo. Lakini soko halikumzoesha kukubali bei ya kwanza.

"Hebu itazameni wenyewe! Majani yaleyale, miiba ileile, maua mekundu yaleyale. Vilivyofanana hivi mtavitenganishaje?"

Bibiana hakuinua hata uso.

"Wewe na kaka yako Kalisti mnafanana mpaka kikohozi. Yeye ndiye aliyetangulia kuniposa, nikamkataa. Kama sura ingetosha, baba, leo ungekuwa unaniita shemeji."