Uzito wa Tela la Loyce

Mjukuu wangu Loyce aliuza mpaka cherehani yake akaundiwa tela lenye banda la kupikia, awe anazunguka nalo minadani Handeni. Likivunjika hilo, hana kingine.

Mumewe Semboja ni fundi, si mtu wa kubahatisha. Alilipima kwenye mizani ya ghala la mahindi, vyombo vyote ndani. "Pikapu inavuta tani moja na nusu, Bibi. Tela halifiki hata tani. Utafika umelala."

Nilikuwa nahamia kwao. Nikachukua figa moja la marehemu dada yangu Yuditha, tuliyepika naye Kwamndolwa maisha yetu yote. Kwetu figa la marehemu haliinuliwi kimyakimya. Unamwaga unga, unamwambia mwenyewe mnakwenda wapi. Lakini Semboja alikuwa anapiga honi.

Nilikaa bandani, kwenye benchi, figa nimelipakata. Kilima cha kwanza pikapu ilinguruma ikipanda kama kinyonga. Kwenye mteremko wa karibu na Sindeni, tela likaanza kuisukuma. Breki zikanuka. Semboja akaichomeka pikapu kwenye mchanga pembeni.

"Bibi, umekula nini leo?" Loyce alijaribu kucheka.

Semboja alichungulia chini. "Springi zimelala kabisa!"

Wakashusha figa. Wakashusha masufuria, mkaa, mtungi wa gesi. Wapi! Springi hazikusogea.

"Hebu shuka nawe, Bibi."

"Mimi huyu ninayepeperushwa na kanga?"

Nikashuka. Tela likainuka kwa kishindo, mnyororo ukalia. Nikapanda tena, likalala. Nikapapasa benchi pembeni yangu. Ubao ulikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu.

"Yuditha," nikasema, "nimekuondoa bila kukuambia. Haya, turudi nyumbani."

"Bibi, usiniache," Loyce akalia.

"Nikienda nanyi, mteremko unaofuata utawameza. Nenda, mwanangu. Kapike."

Wakapakia vyombo vyao. Tela likaondoka likirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Dereva wa bodaboda aliyenirudisha Kwamndolwa alisimama njiani, akabonyeza tairi la nyuma, akanitazama na figa langu mapajani.

"Bibi, mbona kama nimepakia mishikaki? Nahisi abiria wawili."

Nikamwambia aende polepole.