Muhuri wa Kiwanda

Siku ya soko Keroka, Bitutu alifika dukani kwa Cleophas na chupa ya uji, akachutama mbele ya mashine ya mchezo wa gololi, akaumimina kidogo kidogo kwenye tundu la sarafu. Mumewe, Ratemo, alikuwa ndani. Alikuwa mhudumu wa kilabu cha walowezi kule Nyansiongo, na mashine ile aliifuta vumbi miaka kumi na mmoja. Mwaka 1964, siku walowezi walipofungasha virago, gololi ilikwama. Ratemo aliingiza kidole tunduni aikwamue, kisha mkono, kisha akaingia mzima. Cleophas alinunua vyombo vyote vya kilabu kwa bei ya kutupa, na Ratemo akabebwa humo humo.

"Ng'ombe alizaa?" Ratemo aliuliza.

"Alizaa, Baba Mokeira. Ndama jike."

"Mwambie Cleophas afungue. Mgongo unaniua."

Bitutu alimwambia, kama alivyomwambia kila wiki. Kifuniko kilishikwa na skrubu nne tu, na waya mwembamba wenye muhuri wa kiwanda.

"Mama Mokeira, nimekueleza," alisema Cleophas kwa ule upole wake wa mzee wa kanisa. "Wakusanyaji wa vitu vya kale wanataka mashine ambayo haijafunguliwa. Muhuri ukikatika, hiki ni chuma chakavu. Unataka nife njaa?"

Njaa! Mtu mwenye malori mawili.

Kwa wanunuzi, tumpe haki yake, hakuwa mwongo. Daktari wa Kizungu alipokuja kutoka Naivasha, Cleophas alimwambia waziwazi kwamba ndani mna mtu. Daktari alicheza mara tatu, akaona gololi zikirudishwa kwa adabu. Akauliza kama mtu huyo alitoka na mashine kilabuni, au aliongezwa baadaye.

"Ni wa kilabu," Cleophas alisema. "Sijabadilisha kitu."

Daktari akapandisha bei bila kuombwa.

Siku ya kupakia, Bitutu alilia hadi kamasi, akamng'ang'ania Cleophas koti. Wapakiaji walimsogeza kando, wakaifunika mashine blanketi zito isije ikakwaruzwa. Ratemo alikuwa anagonga. Lori likashika barabara ya Kericho.

Cleophas alibaki na mashine moja ya kilabu, ya kulenga ndege wa bati. Ndani ilikuwa tupu. Wanunuzi waliigonga, wakasikiliza, wakaenda zao. Miezi miwili ikapita hivyo, kisha akapanda Nyansiongo, akamkuta Bitutu akipalilia mahindi. Alimtazama tangu kichwani hadi miguuni.

"Mama Mokeira," alisema, "wewe si mnene."

Bitutu aliegemea jembe, akafikiri. Akauliza jambo moja tu: hiyo mashine ya ndege nayo itapelekwa Naivasha, kwa yule daktari?

"Huko huko," alisema Cleophas.

Bitutu aliwapeleka ng'ombe na ndama kwa binti yake Mokeira, aliyeolewa Masimba, akavaa gauni lake la Sabato. Dukani alivua viatu kwanza, asije akachafua tundu, akaingia. Aliuliza kutoka ndani kama Naivasha ni mbali.

Cleophas alikagua muhuri. Ulikuwa mzima. Akatafuta chaki, akaandika ubavuni mwa mashine, kwa herufi kubwa ili wapakiaji wasikosee: MOMBASA.