Jeli ya Vuguvugu

Bega langu la kulia liligoma baada ya mume wangu kufariki, wala sikulilaumu. Nilikuwa opereta wa simu mpaka nilipostaafu. Nimeunganisha watu wa kila aina, wapendanao na wagombanao, na leo simu yangu hailii. Mwanangu yuko mbali na eti ana shughuli.

Kila Jumanne nilikwenda kliniki ya viungo. Daktari wa viungo, kijana mrefu mwenye kucha fupi, alinipaka jeli begani, akapitisha juu yake kichwa cha mashine ya mawimbi ya sauti, kisha akanikanda kwa viganja vyake. Jeli kwa kawaida ni baridi ya kukutoa roho. Yake ilikuwa vuguvugu. Chupa ilishinda kwenye beseni la maji ya moto, na ikipungua aliiongezea bila kuiosha, kutoka kwenye dumu la jeli.

"Sitaki mama zangu washtuke," alisema.

Nililala pale nikiomba saa ya ukutani isimame. Wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyenigusa, hata kwa bahati mbaya.

Jumanne moja niliamka na vipele vya usaha begani. Nikajidanganya: joto, mbu, uzee. Nikavaa blauzi nikaenda. Kwenye kitanda cha pili alikaa dada aliyetoka kujifungua, anatibiwa mgongo, kichanga kimelala mapajani. Alikuwa anajikuna. Mgongoni mwake nikaona vipele kama vyangu.

Ningenyamaza, ningepata nusu saa yangu. Nikamtazama yule mtoto, nafsi ikanisuta.

"Mwanangu, usinipake," nikamwambia daktari. "Usimpake mtu yeyote. Hiyo chupa ina kitu."

"Mama, jeli inatoka kiwandani, safi kabisa."

"Haya, kiwandani. Na beseni je?"

Nikafunua bega. Akaliangalia, akauangalia mgongo wa yule dada, kisha akapitisha kidole ukingoni mwa beseni. Palikuwa na utelezi. Akaketi.

"Nilitaka tu isiwe baridi," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nakuja."

Maabara wakakuta bakteria kwenye maji, kwenye chupa, hata mdomoni mwa dumu. Kliniki ikafungwa, ikasuguliwa mpaka chini ya vitanda. Mimi na yule dada tukapona kwa vidonge. Mtoto hakuambukizwa, na hilo lilinifurahisha kweli.

Walipofungua, nikarudi. Jeli sasa inakuja kwenye pakiti ndogo, ya mtu mmoja, ya baridi. Daktari alinisalimia kwa heshima, akavaa glavu. Agizo la bosi, alisema, kwa kila mgonjwa.

"Nakuumiza, mama?"

"Hapana."

Hakuniumiza. Ila nilichosikia begani ni mpira, si mkono. Nikatamani kulia, nikaona aibu. Akaniambia niinue mkono, nao ukapanda mpaka juu ya kichwa.

"Mama, umepona! Huna haja ya kurudi tena."

Nikashukuru, nikachukua mkoba. Mlangoni nikainua mkono ule ule, mzima kabisa, kumuaga. Alikuwa amenipa mgongo, ananawa.