Siku Thani Aliposimama

Nitaanza na wivu wangu, maana bila huo nisingekuwa na la kusimulia.

Mimi na Shukriya mama zetu ni tumbo moja. Tulikulia Tabora katika ua wa babu mmoja, tukaja Omani mwaka mmoja, tukaolewa Ibra mtaa mmoja. Nyumba zetu zilishikana. Ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba chake. Yeye aliolewa na Thani, mimi na Azzan, na watu walisema mimi ndiye niliyepata. Azzan alikuwa askari mwenye mshahara. Thani alikuwa dereva wa lori, leo ana kazi, kesho hana.

Thani hakuwa mtu wa mitende. Lakini wenyeji wa Ibra walitucheka sisi tuliotoka Afrika. Walituita Zinjibari sote, hata sisi ambao Zanzibar tulipita siku mbili tu. Walisema Kiarabu chetu kimepinda na wanaume wetu hawajui kupanda mtende. Maneno hayo yalimwingia Thani. Mwaka wa themanini na mbili, msimu wa kuchavusha mitende, alijifunga kamba kiunoni akapanda, watu wanatazama. Kamba haikukazwa sawasawa. Alianguka kwa mgongo juu ya ukingo wa mfereji, na tangu siku hiyo miguu yake ikawa mizigo.

Serikali ikampa kiti cha magurudumu na posho ya kila mwezi. Haikuwa nyingi, ila ilikuja bila kukosa, ikawalisha wao na watoto wao. Mwaka wa tatu Shukriya akanunua friji. Tulipoiona inateremshwa kwenye pikapu, mtaa mzima ulitoka milangoni, na kila mmoja alikuwa na la kusema. "Mtu amekaa tu, anakunywa maji baridi." "Kuanguka nako kuna bahati yake."

Mimi sikuionea wivu friji. Ningekuwa nayo nikitaka. Nilionea wivu kicheko.

Azzan alikuwa kambini Nizwa. Kila wiki alikuja Alhamisi mchana, akaondoka Ijumaa jioni, na kati ya hapo alilala. Nilimpakulia chakula, akauliza watoto hawajambo, akageukia ukutani. Na kila asubuhi, nikiwa nakanda unga peke yangu, nilimsikia Shukriya upande wa pili anacheka na mumewe. Wanacheka, wananyamaza, kisha Thani anasema jambo, wanacheka tena. Nikajiambia: mume wangu ana miguu miwili mizima na hayupo, wake hana miguu na yupo mchana kutwa. Tena analipwa kwa kuwepo! Nilifika mahali nikawa nagonga sufuria makusudi ili nisiwasikie.

Siku moja nilikwenda kuazima ungo. Mlango wa ua ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona Thani amesimama. Alikuwa ameshika chuma cha dirisha kwa mikono yote miwili, shingo imemvimba, magoti yanamtetemeka, na Shukriya yuko nyuma yake amefungua mikono kama anayemfundisha mtoto dede. Alihesabu mpaka sita, Thani akaporomoka kitini, wakakumbatiana. Nikarudi bila ungo. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilihisi nimenyimwa.

Jumatano yake nilikwenda soko la wanawake. Soko lile hakuna mwanamume anayeingia, na kinachosemwa pale kinafika kila nyumba kabla ya sala ya adhuhuri. Nilikaa kwenye mkeka wa Hamda, mwenyeji wa Ibra aliyekuwa akiuza vitambaa. Shemeji yake alikuwa karani katika ofisi ile ile iliyolipa posho, nami nililijua hilo.

"Jirani yenu yule kiwete, mashaallah, amenunua friji," Hamda akasema huku anapima kitambaa kwa mkono. "Waume zetu wanafanya kazi na hatunayo. Zinjibari mmejua kuishi."

"Kiwete gani?" nikasema. "Juzi nimemwona kasimama wima."

Mkono wa Hamda ukasita. "Wallahi?"

"Kwa macho yangu haya."

Sikusema habari ya chuma cha dirisha. Sikusema magoti yalivyotetemeka. Nilisema ile nusu iliyonifaa, nikanunua kitambaa, nikaenda zangu.

Baada ya wiki mbili walikuja wanaume wawili wa ofisi ya posho, wenye makanzu meupe na mkoba wa makaratasi. Shukriya aliniita nimsaidie kutengeneza kahawa. Walikuwa watu wa adabu. Walikula tende, wakauliza hali, kisha mkubwa wao akasema, "Ndugu Thani, tumesikia sasa unasimama."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Nilimtazama Shukriya, naye alikuwa anamtazama mumewe, anatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, mara mbili.

Thani hakumwona. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa bwana harusi. Kwa miaka minne hakuna mgeni aliyekuja kumuuliza anachoweza. Wote waliuliza asichoweza.

"Naam," akasema. "Alhamdulillahi. Mnataka kuona?"

"Thani," Shukriya akasema kwa Kiswahili, "mwenzangu, leo umechoka."

"Sijachoka."

Alikisukuma kiti hadi dirishani, akashika chuma, akajivuta. Jasho lilimtoka papo hapo. Akasimama. Akaanza kuhesabu mwenyewe kwa Kiarabu chake cha kupinda, na alipofika kumi na moja akaanguka kitini, anahema, anacheka, anatutazama mmoja mmoja.

"Kumi na moja," akaniambia mimi. "Umeona, shemeji? Sijapata kufika huko."

Nikasema, "Nimeona."

Yule mkubwa alisema mabruki, akampongeza. Yule mwenzake alikuwa anaandika.

Mwezi uliofuata posho haikuja. Ofisi ikasema lazima apimwe upya na kamati ya madaktari Maskati, na mpaka hapo malipo yamesimama. Walikwenda mara tatu. Mara ya kwanza waliambiwa karatasi moja imekosekana, ya pili daktari yuko likizo. Kila safari Thani alibebwa kuingizwa garini kama gunia, mbele ya mtaa uliokwisha kuamua kuwa anajifanya. Mtu mmoja alimpigia kelele kutoka dukani, "Shuka utembee!" Watoto wakalishika neno hilo.

Shukriya akauza bangili zake, kisha friji. Akawa anashona kofia mchana kutwa mpaka vidole vikapasuka. Kicheko upande wa pili wa ukuta kikakatika. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na jiko langu likawa kimya kiasi kwamba nilisikia unga unavyoumuka.

Safari ya tatu aliyewapeleka ni Azzan. Alichukua likizo yake ya mwaka, siku zote zile nilizokuwa nikizingoja, akazitumia kumpeleka Thani Maskati na kukaa naye kwenye baraza za hospitali. Waliporudi waliketi garini nje muda mrefu wanazungumza. Niliwachungulia dirishani, na Mungu anisamehe, hata hapo wivu ulinichoma. Azzan hakuwa amezungumza nami hivyo tangu kuoana.

Alipoingia ndani akasema, "Kuna mtu alikwenda kumsema. Daktari mwenyewe ameniambia. Mtu aliyemwona ndani ya ua wake. Ni mtu wa namna gani huyo, Fakhriya?"

Nikavaa shela, nikaenda kwa Shukriya. Alikuwa uani ameinamia kofia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia Hamda sokoni."

Sindano haikusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ulituonea wivu wa nini?" akauliza. Hakupaza sauti, aliuliza kama anayetaka kujua kweli. "Hebu niambie. Nini kilichokuwa hapa ambacho kwako hakipo?"

"Mlikuwa mnacheka. Kila asubuhi."

Akaiweka kofia chini. "Asubuhi namwosha," akasema. "Namgeuza, namsafisha haja yake. Mwezi wa kwanza alilia kila siku kwa aibu, mpaka nikaogopa kuingia chumbani. Ndipo nikaanza kumtania. Nikamwambia ana makalio kama ya bi harusi. Akacheka. Tangu hapo tukawa tunacheka ili nimalize kazi." Akaichukua tena kofia. "Hicho ndicho ulichotuonea wivu, Fakhriya. Nenda nyumbani kwako."

Posho ilirudi baada ya miezi minane, na karatasi iliyosema mgonjwa hajiwezi. Hawakulipwa ile miezi iliyopita. Thani aliisoma karatasi ile, akaikunja, na hakusimama tena. Shukriya alimbembeleza, Azzan naye alimbembeleza, hata mimi, siku Shukriya aliponiruhusu kukaa karibu na mumewe, nilijaribu. Alinijibu kwa upole, "Nikisimama watoto watakula nini, shemeji?" Daktari alisema angeendelea kujizoeza labda angetembea kwa magongo. Labda. Miguu ikakonda, vidonda vya kukaa vikamwanza, na mwaka wa themanini na tisa tukamzika.

Shukriya hakunikata. Kwenye msiba tulipika pamoja, na mpaka leo tunasalimiana, tunapelekeana sahani mwezi wa Ramadhani. Ila Kinyamwezi cha utoto wetu, ambacho tulikuwa tukisemezana tukitaka watu wasitusikie, hajanisemesha tena. Ananisemesha Kiarabu.

Azzan alistaafu, akarudi nyumbani. Sasa yupo mchana kutwa. Anakaa na redio yake, mimi nakaa na ushoni wangu. Hajaniuliza tena ni mtu wa namna gani yule. Nadhani anamjua.