Koki ya Chumba cha Mama Mkwe

Watu wanasema baridi ndiyo iliyomuua Papa Godefroid. Waache waseme. Mimi Mugisho ndiye fundi wa jengo hili hapa Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi huku ughaibuni, na najua baridi hiyo ilipitia wapi.

Jengo letu ni la zamani, nyumba nane kwenye mstari mmoja. Boila iko upande wangu, namba moja. Maji moto yanatoka pale, yanapita kwenye bomba nyumba kwa nyumba, na kila chumba kina rejeta ukutani, lile bati zito linalojaa maji na kutoa joto. Sasa maji ni mavivu kuliko binadamu. Yakipata njia fupi, yanageuka na kurudi yalikotoka. Ndiyo maana kila rejeta ina koki ndogo chini, ya kubana kwa spana. Wa karibu unawabana, wa mbali unawaachia, mpaka wote wapate sawa. Ni kazi ya subira, na mimi subira sina.

Namba nane, mwisho kabisa, alikaa Papa Godefroid, peke yake, miaka sabini na sita, kifua kibovu tangu kambi ya wakimbizi. Barafu ya Januari ilipoanguka, rejeta yake ikawa baridi kabisa. Akichomeka hita ya umeme, umeme wa nyumba unakatika. Nikamwambia, "Papa, njoo ulale kwetu siku mbili tatu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mugisho, nimekimbia nyumba mara tatu kwa sababu ya bunduki. Ya nne nikimbie kwa sababu ya bati? Wewe si fundi? Tengeneza!"

Bon, nikaanza. Siku nzima nilipita nyumba kwa nyumba na spana. Mama Rosette wa namba tatu akanipigia kelele, "Unanipunguzia moto, na watoto wangu je?" Nikamjibu, "Na Papa Godefroid ni gogo?" Nikabana. Namba mbili, nne, tano, zote nikabana. Narudi namba nane, nashika rejeta: vuguvugu kidogo. Nabana wengine tena, narudi, hata ule uvuguvugu umepungua. Nikatukana kwa Mashi, lugha ya kwetu, matusi ambayo shemasi kama mimi hatakiwi hata kuyajua.

Lakini nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Kuna rejeta moja sikuigusa, ya kwanza kutoka kwenye boila na kubwa kuliko zote, nayo iko katika nyumba yangu mwenyewe. Iko chumbani kwa Mama Véronique, mama yake Clarisse mke wangu, aliyetufikia mwaka jana kutoka Bukavu. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata nyumba ikiungua, unaita mtu mwingine. Na kila nilipowabana wengine, maji yalizidi kukimbilia kwake.

Ningemtuma Clarisse? Anatoka kazini ghalani amechoka, nimwambie, "Ingia umpunguzie mama yako moto"? Ingekuwa kusema namwonea choyo mama mkwe kwa joto la nyumba yangu. Kufika Jumapili, kanisa zima lingekuwa linajua. Nikajiambia, koki moja itadhuru nini? Nitasema kesho. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Asubuhi nikampelekea Papa chai ya tangawizi. Nikagonga, nikaita, kimya. Nikafungua kwa ufunguo wangu wa kazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na rejeta, amevaa makoti mawili na kofia, kiganja amekiweka juu ya bati. Nikashika mkono wake, nikashika bati, baridi ni ile ile. Ee Mungu wangu, nililia kwa sauti, chai yote ikamwagika miguuni pangu.

Watu wa ambulansi walipokwisha kumchukua, nikazunguka nyuma ya jengo kwenda kwenye boila, nina hasira ya kuipiga hata teke. Kila mahali barafu nyeupe. Chini ya dirisha moja tu barafu ilikuwa imeyeyuka, nyasi zinaonekana, udongo umelowa. Nikainua macho. Dirisha la Mama Véronique lilikuwa wazi kabisa, naye amesimama pale na kitenge, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Aliponiona akajificha nyuma ya pazia.

"Mama," nikasema, nikitazama chini, "dirisha liko wazi tangu lini?"

"Tangu barafu ianze, mkwe wangu. Chumba hiki kinaniunguza. Silali."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mkwe amenipa moto mwingi, nami nilalamike? Ungesema mama huyu hana shukrani." Kisha akauliza, "Ile ambulansi ilimfuata nani?"

"Papa Godefroid. Amekufa kwa baridi, mama. Joto lake lilikuwa linakuja kwako."

Nilimsikia akikaa kitandani.

"Ungeniambia, mwanangu," akasema. "Ningehamia jikoni."

Nikaingia chumbani kwake na viatu vyangu vya matope. Yeye alitoka akasimama kwenye korido, ameugeukia ukuta. Nikapiga magoti, nikabana koki mizunguko miwili na nusu, basi. Haikuchukua hata dakika moja.

Saa sita mchana nilikwenda namba nane. Rejeta ilikuwa moto, huwezi kuweka mkono.