Utulivu wa Vasudha

Mume wa Vasudha Ranade alifariki wakati wa mvua kubwa, na mvua zilipokatika kampuni ikampeleka Vasudha mji wa Lonavala kufundwa uongozi. Hakukataa. Tangu moto uliochoma maiti ya mumewe ulipozimika hakuwa anakataa kitu. Akipewa chai anakunywa, akiambiwa keti anaketi.

Kampuni yao ya rangi za nyumba ilikuwa kubwa, na kila mwaka iliwachagua mameneja wachache waliotarajiwa kupanda ngazi, ikawaweka hotelini milimani kwa mafunzo. Hemant Dighe, mkuu wa maghala ya Pune, naye alikuwemo. Waliajiriwa pamoja ujanani, na alimwita Vasudha dada ingawa Hemant ndiye mkubwa kwa umri.

Mkufunzi, Bi. Kamath, akawapa zoezi la kumwachisha mtu kazi. Vasudha awe bosi, Hemant awe mfanyakazi, wengine watazame.

"Dada, nionee huruma!" Hemant akajifuta machozi ya uongo kwa tai. "Mke wangu ataniuza pamoja na pikipiki, na pikipiki ndiyo itapata bei!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Vasudha hakucheka. "Nafasi yako imeondolewa, Hemant. Leo ndiyo siku yako ya mwisho. Uamuzi umeshapita, nami sitaubadili." Hemant akaiachia tai.

"Mmeona?" Bi. Kamath akasema. "Hakujitetea, hakubabaika. Huo ndio utulivu wa kiongozi. Umejifunzia wapi, Bi. Ranade?"

Vasudha akajitafuta ndani aone kama kuna fahari au aibu. Akakuta ganzi tupu, kama shavu lililopigwa sindano kwa daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, basi.

Sikukuu ya Diwali ilipopita akapandishwa kuwa mkuu wa kanda. Wiki hiyohiyo mkurugenzi, Bwana Phadnis, akamwita. Maghala ya Pune yanaunganishwa na ya Nashik. Hemant hana nafasi tena.

"Mwambie wewe," akasema. "Kamath amekusifu sana. Mwingine angeanza kulia naye."

"Sawa," Vasudha akajibu.

Hemant aliingia na mfuko wa chivda, vitafunio alivyokaanga mkewe, akauweka mezani. Hajakaa vizuri, Vasudha akayasema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Alijisikia akiyasema kama anayesikia redio ya jirani.

Hemant alitabasamu, akangoja. Kisha tabasamu likamwisha.

"Dada, siku ile Lonavala ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Apia."

"Naapa kwa Madhav." Madhav ndiye marehemu mumewe. Hemant alikuwa mmoja wa walioibeba maiti yake begani.

"Haya, nimekubali. Lakini si ungenidokeza jana, dada? Mwenzio nimekuja asubuhi nataniana na mlinzi getini." Akainuka, akatoka. Chivda ikabaki.

Baadaye Bi. Kamath akamwalika Vasudha Lonavala awaoneshe kundi jipya zoezi lile. Akaenda. Meneja mmoja akauliza anafanyaje sauti isitetemeke.

"Mume wangu alifariki," akasema. "Sikuwa nahisi kitu. Hata sasa sihisi. Nikamfukuza rafiki yangu hivyo hivyo. Msiniige."

Bi. Kamath akashukuru haraka, akatangaza mapumziko ya chai. Wawili watatu wakamjia Vasudha, wakamwambia kusema ukweli namna ile ndio uongozi hasa. Akawaitikia kwa kichwa, akatoka barazani, akampigia Hemant. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, mkewe Hemant akapokea.

"Yumo bafuni," akasema kwa sauti kavu. "Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Nitasubiri, usikate."

Akasikia simu ikiwekwa juu ya meza, na vyombo vikioshwa. Mlangoni mtu akamwita, kipindi kinaanza. Vasudha hakugeuka.