Ndama wa Rhobi

Alhamisi asubuhi wagonjwa wa saratani walikaa kwenye benchi la saruji nyuma ya hospitali, Bunda, miguu peku. Hilda, mshauri wao, aliomba kwanza. Kisha akawaambia wafumbe macho, wafuate pumzi zao, na kila mmoja ayachunguze maumivu yake bila kuyafukuza.

Rhobi, mama wa kijiji cha Guta aliyezeeka na ng'ombe, alikuwa mzito wa sikio. Alisikia "ayachunge", akaona hilo analiweza. Akavuta pumzi, akaita polepole kama aitavyo zizini, na maumivu yakamtoka kwenye titi la kushoto, yakasimama majanini: ndama mwekundu, pua imelowa.

"Dume," alisema Dorotea, jirani yake wa benchi. "Ndiyo maana alikuwaga anakupiga mateke."

Hilda alieleza tofauti ya maneno yale mawili. Rhobi akajibu kwamba Mungu amelisikia kama alivyolisikia yeye, akaendelea kuchunga.

Wiki iliyofuata Dorotea alitoa mbuzi wake, na mzee Baltazari, mwenye saratani ya koo, kondoo asiyelia. Mchana wanyama walikula majani uani na wenyewe walikaa kivulini wakitaniana. Jua likizama kila mnyama alirudi alikotoka, na wenyewe wakalala wameuma meno, maana dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha hospitalini tangu kabla ya Pasaka.

Stanislausi, katibu wa hospitali, alibandika tangazo: ni marufuku kuchungia hapa. Ndama akala tangazo, kisha akala maua ya mbele ya ofisi. Katibu akatoka.

"Mama, mtoe huyu ng'ombe."

"Dawa imefika?"

"Iko njiani."

Rhobi alichukua jiwe, akapigilia kigingi mlangoni pa ofisi, akamfunga ndama ili jua likizama asirudi.

"Nilikuwaga naye peke yangu, mwanangu," alisema. "Sasa tutakuwa naye wote."

Tangu siku hiyo katibu huingia ofisini kupitia dirishani, na wageni wake pia. Hakuna anayeuliza. Kila Alhamisi wagonjwa huvua viatu, huomba, hufumba macho, hupumua, na ua hujaa mifugo.

Dawa bado iko njiani. Ndama amekuwa fahali, na Rhobi amesokota kamba nene zaidi.